Serumu ya Lundi

Papa, yaani baba yangu, aliamini kwamba dawa isiyomsumbua mgonjwa ni utani. Sindano ilitakiwa iache uvimbe, kwinini izibe masikio, na dawa ya minyoo ambayo haikukutimua mbio kwenda chooni ilirudishwa kwa aliyeiuza, pamoja na maneno makali. Alikuwa mtu wa Shituru, na miaka yake yote ya kazi aliimaliza katika jumba la matangi ambamo shaba huyeyushwa kwa tindikali. Kule, alisema, kitu kizuri hujulikana kwa jinsi kinavyochoma. Tulimpenda hivyohivyo, maana hatukuwa na papa mwingine.

Baada ya kustaafu alikuwa na haki ya kutibiwa katika hospitali kubwa ya kampuni, yenye mashuka safi na madaktari wengi. Hakutaka. Akiumwa alikuja kwetu, hospitali ndogo ya masista nilikofanya kazi, ng'ambo ya reli, hospitali ya wauza samaki, walimu na walinzi wa maduka. Ningependa kusema alikuja kwa sababu ya binti yake. Alikuja kwa sababu serumu yetu ilikuwa na sifa mjini.

Serumu ni yale maji ya chumvi au ya sukari yanayoingizwa kwenye mshipa kwa mrija, chupa ikining'inia juu ya kitanda. Kwingine huitwa dripu. Ya kutoka Ulaya ilifika kwa treni siku ilipojisikia kufika, kwa hiyo tuliitengeneza wenyewe. Chumba cha kazi kilikuwa changu na cha sista mfamasia, mwanamke mrefu, mkavu, aliyekuwa mjini tangu mji haujabadilishwa jina, na aliyesema Kiswahili chetu kwa sauti ya mtu anayesali. Mashine moja iligeuza maji kuwa mvuke, na mvuke kuwa maji tena, tone kwa tone, ndani ya madumu makubwa ya kioo. Tulipima chumvi, tukachuja, tukajaza chupa na kuzifunga, kisha tukaziingiza kwenye otoklavu, chungu kikubwa cha chuma kinachopika kwa mvuke wa shinikizo mpaka hakuna kiumbe kinachobaki hai. Maji yaliyotoka humo yalikuwa maangavu kuliko kitu chochote mjini. Sijisifu, kila kitu kingine kilikuwa na vumbi.

Chupa zilizopikwa Jumatatu ndizo zilizokuwa na sifa. Kwa kuwa sisi siku hiyo tunaiita lundi, kwa Kifaransa, zilijulikana kama serumu ya Lundi. Mgonjwa aliunganishwa na chupa, akalala vizuri kwa muda wa kupika bukari, ugali wetu, na mboga yake, kisha meno yakaanza kugongana. Baridi ilimshika, blanketi likawekwa juu ya blanketi, kitanda cha chuma kikapiga kelele sakafuni. Baadaye homa, jasho, usingizi. Akiamka, mara nyingi alikuwa na nafuu, kwa sababu maji na chumvi vilikuwa vimemwingia pia, lakini shukrani zote zilikwenda kwa mtetemeko.

Wodi nzima ilimpongeza. Jamaa waliokuja na chakula waliuliza kwanza mlangoni, "Alitetemeka?" na wakijibiwa ndiyo, ndipo walipotua vyungu. Aliyepewa chupa ya Jumatano na kulala kimya alinung'unika kwamba amedanganywa kwa maji. Siku iliandikwa kwa kalamu ya nta kwenye kila chupa, na watu ambao hawakuwahi kukaa darasani walijifunza kusoma neno hilo moja. Walilitafuta kwa macho wakiwa wamelala chali, na wasipoliona waligeukia ukutani.

Sista hakucheka. Alijua kwamba katika maji kunaweza kuwa na kitu kinacholeta homa hata kama maji yamepikwa, na kwamba njia ya kukikamata ni sungura. Tulikuwa nao nyuma ya jengo la kufulia. Chupa zilipotoka kupikwa, tulichukua moja, tukaipasha joto, tukawadunga sungura watatu kwenye mshipa wa sikio, kisha tukawapima joto kule nyuma kunakopimwa, na kukaa nao asubuhi nzima tukiwapima tena na tena. Joto likipanda, chupa zote za siku hiyo zinamwagwa. Zamani walikuwa wengi na walifanya kazi kwa zamu. Lakini ilikuwa miaka ambayo sungura hakai sana, na walipungua kwa namna ambayo hakuna aliyetaka kuuliza. Waliobaki walikuwa hao watatu, na walidungwa kila wiki.

Mwanzoni joto lao liliwahi kupanda, sista akamwaga chupa, wodi ikakaa bila serumu, na daktari akanuna. Kisha likaacha kupanda, sista akamshukuru Mungu. Kwa sungura, serumu ya Lundi ilikuwa safi kabisa. Kwa watu, ilitikisa vitanda. Sista alilaumu mirija, akaichemsha mpaka ikalegea. Daktari alilaumu malaria, ambayo haijawahi kukataa lawama.

Mpaka hapo hata mimi ningeweza kucheka. Kisha akaja bibi mmoja kutoka mashamba ya upande wa Shinkolobwe, mzee, amekaushwa na kuhara, moyo umechoka. Alipewa ya Lundi. Alitetemeka kuliko wote, na mtetemeko ulipokwisha na yeye alikuwa amekwisha. Wanawe walitushukuru. Walisema wameona kwa macho yao kwamba mama yao amepewa dawa ya nguvu, na wakatuletea kuku. Sista hakuweza kumla kuku yule. Mimi nilimla kwa hasira.

Papa aliugua Alhamisi. Alikuwa amekula samaki waliotoka bwawa la Mwadingusha, waliokaushwa nusu na kusafiri katika jua lote, na alikula vichwa pia kwa sababu vichwa ndivyo vyenye nguvu. Alipoletwa, ngozi ya mkono wake ukiivuta ilibaki imesimama kama kitambaa. Macho yalikuwa yamezama. Bado alikuwa na sauti.

"Banipatie ya Lundi," aliwaambia waliombeba, akinyoosha kidole kwenye kabati. "Ile ingine, hapana."

Daktari alikuwa kijana wa huko kwetu aliyerudi kutoka masomoni Kinshasa, mpole, mwenye haraka. Alimsikiliza papa kifuani kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Miezi michache kabla alikuwa amemwambia kwamba moyo wake umepanuka, na papa alilichukua hilo kama sifa. Daktari alinivuta mpaka koridoni.

"Mama, sikia," alisema. "Papa iko nakauka. Kama hatumupatie serumu, anakufa. Kama tunamupatia na anatetemeka sawa ile mama ya Shinkolobwe, moyo haitaweza. Iko chupa ingine?"

"Iko ya Lundi tu, docteur. Ya mercredi, ya jana, balimaliza asubuhi."

Aliniagiza nimpe maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, kidogokidogo, hata kama anatapika, nikaanza. Alitapika. Nikaendelea. Alinitazama kwa dharau kwamba nimesoma miaka yote ile ili nimnyweshe uji usio na unga. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, na woga wangu mimi hutoka kama ukali, kwa hiyo nilimwachia kijiko mama yangu, aliyekuja na papa, na kwenda kugombana na sista.

"Ma soeur," nilimwambia, "bale lapin beko nasema bongo."

Sisi tuliwaita sungura tulipoandika na lapin tulipowala. Sista alijibu kwamba mnyama hawezi kusema uongo, joto ni joto. Tulitoka kwenda kuwatazama. Walikuwa wamekaa kwenye vizimba vyao wakitafuna majani ya viazi vitamu, wanene, watulivu, macho nusu yamefumbwa. Walinikasirisha. Walikaa kama watu waliokwisha kuona kila kitu. Nilipokuwa nawatazama ndipo nilipomkumbuka mama mdogo.

Nilipokuwa mtoto, mama mdogo alikuja kututembelea Shituru kutoka kijijini, na alianza kukohoa tangu stesheni. Moshi wa kiwanda cha tindikali ulimshika kooni, machozi yakamtoka, akauliza kwa nini tunaishi ndani ya kitu kile. Sisi tulimshangaa. Tulikuwa tunaruka kamba katika moshi uleule na hatukuwa na habari kwamba una harufu. Alipokaa nasi wiki kadhaa alizobelea, yaani alizoea, akaacha kukohoa, na moshi haukuwa umepungua hata kidogo.

Nikamwambia sista, "Hawa ni bantu ya Shituru. Banazobelea, ma soeur. Kila wiki tunabapatia ile ile, sasa hawasikie tena."

Sista aliketi juu ya ndoo. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba nimesema kweli. Hilo lilikuwa katika kitabu chake kinene cha masomo, kwamba mwili unaodungwa kitu kile mara kwa mara huacha kukijibu, na ndiyo maana sungura lazima apumzike muda mrefu au abadilishwe. Alilijibu vizuri kwenye mtihani. Halafu akaja huku, sungura wakawa watatu, na jambo likamtoka kichwani kwa jinsi alivyofurahi kuona joto halipandi.

"Na mu inchi hii, nani hajazobelea?" nilimwuliza.

Akaniomba nipunguze sauti. Dirisha lilikuwa wazi, na mkuu wa seli ya chama aliishi upande wa pili wa ukuta.

Tulihitaji sungura ambaye hajawahi kukutana na serumu yetu. Papa alikuwa nao nyumbani, kwenye lupango lake, yaani kiwanja chake, uani nyuma ya jiko, wanaongoja Krismasi. Nilikwenda kumwomba kitandani. Hakuwa na nguvu ya kubisha, alinyanyua kidole kimoja, nami niliamua kwamba kidole hicho ni ndiyo. Nilimchagua mweupe mnene, aliyempenda, kwa sababu ndiye aliyekuwa rahisi kumkamata.

Ijumaa asubuhi tulimdunga sungura wa papa maji ya Lundi sikioni. Alikaa kidogo kama kawaida. Kisha masikio yakamlala mgongoni, akajikunja pembeni, manyoya yakamsimama, na nilipoweka mkono juu yake alikuwa anatetemeka kama mashine ya kushonea. Joto lilipanda, likapanda tena. Sijawahi kufurahi namna ile kuona kiumbe kinaugua. Sista alifanya ishara ya msalaba, na tukamwaga chupa zote za Lundi kwenye mfereji.

Ndipo tulipobaki na swali. Nilimwambia sista kwamba otoklavu inaua kila kitu, sasa kilichobaki ni nini?

"Inaua," alijibu. "Haitoe maiti."

Alinieleza tukiwa tunaosha chupa, na niliyoyasoma baadaye yamenionyesha kwamba alieleza vizuri. Kuna bakteria wanaopenda maji hata yasiyo na chakula, maji safi kabisa, na humo huzaana bila kuyachafua kwa macho. Koti lao la nje limeshonwa kwa mafuta na sukari: minyororo ya sukari inaning'inia nje, na mafuta ndiyo yaliyoshika kwenye ngozi. Ukiwapika wanakufa kweli, lakini koti haliungui. Linapasuka vipande na kuelea, halionekani, halichujiki, halina ladha. Ile sehemu ya mafuta ndiyo yenye balaa. Ikiingia kwenye damu, chembe nyeupe zinaitambua kwa kuwa ni koti la adui zao wa siku zote, na hazina njia ya kujua kwamba ndani ya koti hamna mtu. Zinapiga kelele. Zinamwaga ndani ya damu kemikali zao za vita, habari inafika ubongoni, ubongo unaamuru joto lipande, misuli inaanza kutetemeka ili kulitengeneza. Mishipa inalegea, moyo unakimbia. Mwili mzima unapigana na nguo za marehemu.

Wengi hushinda vita hivyo kwa sababu hakuna anayepigana upande wa pili. Mwenye moyo uliochoka anaweza kushindwa na mwili wake mwenyewe. Nilimfikiria yule bibi wa Shinkolobwe, na kuku, na nikavunja chupa moja bila kukusudia.

Kwa hiyo kosa lilikuwa kabla ya kupika. Mahali fulani maji yetu yalikuwa yanapata nafasi ya kukaa na wageni wakazaana. Kanuni ya sista ilikuwa kali: maji yanayotoka kwenye mashine yapikwe siku ileile. Tulipitia wiki yote, siku kwa siku, na kila siku ilikuwa inaheshimu kanuni. Tulipofika Jumamosi tulitazamana.

Jumamosi ilikuwa salongo. Asiyeijua miaka ile aelewe kwamba taifa lilitudai sote tufanye kazi ya mikono kwa hiari, na hiari hiyo ilikuwa ya lazima. Daktari, sista, muuza samaki, wote mferejini au shambani na jembe, mkuu wa seli akipita kuona nani hayupo. Kabla ya salongo kuja, Jumamosi asubuhi tulikusanya maji na mchana tulipika. Ilipokuja, tuliendelea kukusanya asubuhi, kwa sababu tulikuwa wachapakazi, kisha filimbi ikapulizwa, tukafunika madumu kwa kitambaa safi na kwenda kufyeka majani. Jumapili masista hawakuwasha mashine. Jumatatu tulipika yale ya Jumamosi. Maji yalikuwa yanaangaza vilevile, na nani angeyatupa maji mazuri namna ile? Wakati sisi tunajenga taifa, ndani ya madumu kulikuwa na taifa jingine linajengwa, na halikuhitaji filimbi.

Sista alitaka tuanze kutengeneza maji mapya palepale, lakini jioni ilikuwa imefika, na umeme wa Mwadingusha ulikatika kana kwamba umesikia. Usiku ule mimi na mama tulishika kijiko kwa zamu. Papa alikuwa ameacha kulalamika, na hilo ndilo lililonitisha kuliko mapigo ya moyo wake.

Jumamosi asubuhi umeme ulirudi. Mashine ikaanza kudondosha, tone, tone, nami nikaitukana kila tone lilipochelewa. Mchana dumu lilikuwa limefika pa kutosha. Tulikuwa tumefunga chupa na otoklavu imeanza kupata moto filimbi ilipolia barabarani. Hatukutoka. Baada ya muda mkuu wa seli akaingia na jembe begani, mtu mfupi mwenye shati la chama lililopigwa pasi hata kwa ajili ya mfereji.

"Citoyennes! Bantu bote beko ku mufereji. Nyinye munafanya nini huku?"

"Tunapika mayi, citoyen," sista alisema, akionyesha dumu la maji. Miaka ile kila mtu aliitwa citoyen, raia.

"Mayi? Samedi? Munaweza kupika Lundi."

"Njo ile inaua bantu," nilimwambia.

Alicheka kwa upole wa mtu aliyeelimika kuliko mimi. "Mama, minye balinipatia ile serumu ya Lundi mwaka uliopita. Nilitetemeka mpaka kitanda ikatembea! Ikatoka ku ukuta, ikafika ku mulango. Kisha, angalia." Alijipiga kifua. "Sasa nyinye munataka kuharibu muzuri yenu? Salongo ni ya bote. Zima ile mashine."

Mkono wake ulikuwa umekwisha kuelekea kwenye swichi. Mimi nilikuwa naona papa katika kila kitu, katika swichi, katika saa ya kupima mvuke, na kama angeigusa nadhani ningempiga kwa chupa, na leo ningekuwa nasimulia habari nyingine. Lakini sista, ambaye sikuwahi kumsikia akisema jambo lisilo la kweli, alisimama kati yake na ukuta na kumwuliza kama yeye na familia yake wanapenda lapin.

Mkono ulishuka.

Tulikwenda nyuma ya jengo la kufulia, na sista aliwafungulia mwenyewe. Alikuwa amewalea tangu wadogo, na aligusa masikio yao, yaliyojaa alama za sindano. Mkuu wa seli aliwapima uzito kwa mikono, akauliza kama nyama yao iko bien, maana amesikia wanadungwadungwa.

"Nyama iko bien, citoyen," nilimjibu. "Inazobelea kila kintu."

Aliondoka nao ndani ya gunia, akatangaza kwamba salongo yetu siku hiyo imefanyika ndani ya hospitali. Sista alirudi kwenye otoklavu na kulia kidogo akiwa ameielekea, ili ionekane ni mvuke.

Chupa zilipopoa kiasi cha kushikika, daktari alimwunganisha papa, bila kungoja sungura yeyote. Niliketi pembeni. Mama alishika rozari. Nilishika kifundo cha mkono wa papa, pale kwenye mapigo, na kungoja meno yagongane. Muda wa bukari ulipita. Muda wa mboga ukapita. Maji yalishuka, ngozi yake ilianza kurudi mahali pake, na kitanda hakikusema neno. Nililia kwa sauti mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani akauliza kama mzee amekufa.

Swali hilo ndilo lililomwamsha papa. Alifungua macho, akatazama chupa kwa makini, akatafuta neno alilolijua na hakuliona.

"Juu ya nini sitetemeke?" aliuliza.

"Juu serumu ni muzuri, papa."

Alimgeukia mgonjwa wa jirani, mwalimu mmoja aliyekuwa amepata ya Lundi mapema wiki ile na bado anasimulia. Kisha akanigeukia mimi. "Minye ni papa yako," alisema, "na weye unanipatia mayi."

Alitoka hospitali kwa miguu yake. Nyumbani alimkuta sungura mweupe amerudishwa, ameshapona homa na anakula kwa fujo, na mama, ambaye hakujua kunyamaza, akamweleza kila kitu. Papa alisikiliza mpaka mwisho. Alichoelewa ni kwamba katika hospitali ya binti yake kulikuwa na serumu ya kweli, na walimpa lapin. Habari hiyo aliisimulia baada ya misa, stesheni, kwenye misiba ya watu. "Lapin yangu alitetemeka," alisema. "Minye, mayi." Krismasi hiyo alikataa kumchinja, kwa sababu, alisema, yule lapin sasa alikuwa na afya kuliko sisi sote.

Sisi tulihamisha kazi ya Jumamosi kwenda Alhamisi, tukapata sungura wapya na kuwapumzisha, na kutetemeka kukaisha. Nilitazamia shukrani. Watu walikasirika. Ilisemwa kwamba masista wamepunguza dawa, kwamba serumu ya nguvu inapelekwa kwa wakubwa Kinshasa, kwamba tunaongeza maji, jambo ambalo kwa serumu ni gumu kulikanusha. Wengine walihama wakaenda kutafuta homa yao kwingine. Sista aliugua moyoni kuona hivyo. Sasa nasikia hawatumii tena sungura, wanatumia damu ya mnyama fulani wa baharini, ya bluu, inayoganda ikigusa lile koti la bakteria. Sijamwona, lakini namwonea huruma.

Papa aliishi miaka mingi baada ya pale. Nasema kwa kiburi: miaka ile ilitoka kwenye chupa yangu. Hakuwahi kunisamehe. Ilipofika zamu ya mapafu yake, ambayo yalikuwa yamekunywa moshi wa Shituru maisha yote bila kulalamika, daktari alisema tumrudishe nyumbani, hakuna tena cha kumdunga. Nilikaa naye. Nilichokuwa nacho ni kikombe cha maji ya sukari na kijiko, nikamtilia mdomoni kidogokidogo kama zamani.

Alasiri homa ikampanda. Ilikuwa yake mwenyewe, ya mwili wake, hakuna aliyempa. Meno yalianza kugongana, mabega yakafuata, na kitanda cha chuma alichonunua kutoka kambi ya kampuni kikaanza kulia sakafuni. Alifungua macho. Sijaona mtu akishangaa kwa furaha namna ile.

"Aa," alisema. "Leo njo umenipatia ya kweli."

"Ndiyo, papa."

"Ni ya Lundi?"

Ilikuwa Alhamisi, na kikombe kilikuwa mkononi mwangu. "Ni ya Lundi, papa," nilimwambia.

Alifumba macho ameridhika. Kitanda kilikuwa kimeanza kutoka ukutani, nami nikaweka kikombe chini, nikashika kitanda kwa mikono miwili kisitembee.